Mungu Aliyetenga na Mungu Aliyesikia Kilio

Mwaka 1944, katika mji wa Bloemfontein, Waafrikana, yaani weupe wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi na wanaosema Kiafrikana, walikutana kwenye kongamano la kujadili sera ya rangi. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwa J. D. du Toit, mshairi aliyefahamika zaidi kwa jina la Totius, mwanateolojia wa Potchefstroom na mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kiafrikana, ile iliyotoka mwaka 1933. Huyu hakuwa mtu wa kuokota aya huku na kule. Aliianza hoja yake pale Biblia yenyewe inapoanza. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo Mungu anatenga nuru na giza, anatenga maji na maji, anaipa nchi kavu mahali pake na bahari mahali pake. Basi Mungu, alisema Totius, ni Mtenganishaji Mkuu. Akasogea hadi Babeli, ambako wanadamu walitaka kubaki kitu kimoja na Mungu akawatawanya. Kutoka hapo alifika anakotaka bila taabu: alichokiunganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, na alichokitenga Mungu mwanadamu asikiunganishe.

Miaka minne baadaye chama cha National kilishinda uchaguzi, kikaanza kujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi ulioitwa apartheid. Waziri mkuu mpya, D. F. Malan, alikuwa mchungaji wa zamani wa Kanisa la Reformed la Kiholanzi. Sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya weupe na wengine ilitoka mwaka 1949. Mwaka 1950 zikafuata ile ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake na ile ya kugawa maeneo ya kuishi.

Ni rahisi kusema kwamba watu hawa waliipotosha Biblia, tukaishia hapo. Jibu hilo hutolewa sana makanisani kwetu, na naona linatuficha jambo zito zaidi. Mungu wa Biblia anatenga kweli. Anamtoa Abrahamu katika nyumba ya baba yake, anawaweka Walawi kando na makabila mengine, anaiita Israeli iwe taifa takatifu lisilofanana na jirani zake. Totius hakubuni tendo hata moja. Alilichukua tendo moja la Mungu akalitawaza juu ya mengine, na matendo yote yaliyobaki yakaanza kusomwa kwa ruhusa ya hilo moja. Hapo mwanadamu naye alibadilika. Ikiwa Mungu kwanza kabisa ni mtenganishaji, mtu kwanza kabisa ni wa kundi fulani: ni Mzulu, ni Mwafrikana, ni Mhindi, na utu wake unakuja nyuma ya kundi lake. Ndiyo maana nasema kwamba tendo la Mungu tunaloliweka mbele ndilo linaloamua ni nani tutamwona kuwa mtu kamili. Watu hudhani teolojia inazungumzia mbinguni tu, kumbe inagawa viwanja, inaamua nani aoe wapi, nani azikwe wapi.

Lakini wazo la Mungu halikuanguka tu kutoka kwenye ukurasa wa Mwanzo. Mazoea yalitangulia. Mwaka 1829 sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi huko Rasi (Cape) iliamua kwamba Meza ya Bwana igawiwe waumini wote pamoja, bila kutazama rangi. Mwaka 1857 sinodi ilirudi kwenye jambo hilohilo baada ya manung'uniko ya waumini weupe waliokataa kunywa kikombe kimoja na weusi. Uamuzi wake unastahili kusomwa taratibu. Ulisema kwamba ni vyema, tena ni kwa mujibu wa Maandiko, waumini wote waabudu pamoja. Kisha ukasema kwamba kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, weusi wanaweza kupewa ibada yao katika jengo lao. Kwa maneno mengine, sinodi ilijua. Ilikiri waziwazi kwamba Maandiko yako upande mmoja na desturi iko upande mwingine, ikaifuata desturi huku ikiiita udhaifu.

Mwaka 1881 ruhusa ile ilizaa kanisa zima la pekee kwa watu walioitwa machotara, Kanisa la Misheni. Yakafuata mengine kwa Waafrika na kwa Wahindi. Kutoka mwaka 1857 hadi hotuba ya Bloemfontein ni miaka 87, na katika muda huo kilichokuwa udhaifu kikawa utaratibu, utaratibu ukawa utamaduni, mwishowe utamaduni ukatafutiwa Mungu wa kuutetea. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Teolojia iliitwa mwishoni, mambo yakiwa yamekwisha kufanyika.

Ilipofika, hata hivyo, ilifanya kazi ambayo desturi peke yake isingeweza kuifanya. Udhaifu mtu huweza kuutubia. Sinodi ya 1857, pamoja na aibu yake yote, iliacha mlango wazi: siku waumini watakapopata nguvu, watarudi kwenye meza moja. Mungu Mtenganishaji aliufunga mlango huo. Ukiisha kuambiwa kwamba utengano ni mpango wa Muumba, toba inageuka kuwa uasi, na anayetaka kuketi pamoja na ndugu yake ndiye anayemkosea Mungu.

Vyanzo vya wazo hilo vilikuwa vingi, na vingine havikuwa na ubaya wowote usoni. Abraham Kuyper, mwanateolojia aliyekuwa waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia 1901 hadi 1905, alifundisha kwamba Mungu ameipa kila nyanja ya maisha mamlaka yake, na kwamba wingi wa aina katika uumbaji ni utukufu wa Muumba. Gustav Warneck, mwalimu mkubwa wa misheni wa Ujerumani, alitaka injili ijenge kanisa la taifa zima, kwa lugha na mila za taifa hilo. Nani angelikataa hilo?

Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumwa Uchaggani mwaka 1902 na kuondoka moja kwa moja mwaka 1938, aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Muumba mwenyewe aliwafungia watu. Wakati wamisionari wengi waliziona mila za Wachagga kuwa giza la kufukuzwa, yeye alikaa na wazee, akazikusanya, akaziandika kurasa kwa kurasa, akajaribu kuusimamisha ushirika wa Kikristo juu ya misingi hiyo. Wachagga wana haki ya kumkumbuka kwa heshima. Lakini tazama: wazo lilelile, kwamba kabila ni kazi ya mikono ya Mungu, lilimkinga Mchagga na dharau huko Kilimanjaro na likamfungia Mwafrika nje ya mji huko Johannesburg. Nadhani tofauti iko hapa. Kifungo cha ukoo kikiwa zawadi kwa mwenye ukoo, kinamjenga. Kikigeuzwa mpaka wa kumzuia mwingine, au kamba ya kumzuia kijana asitoke, kinakuwa kitu kingine kabisa. Gutmann mwenyewe aliuangalia mji na maisha ya kisasa kwa hofu, na sioni kwamba kijana wa Kichagga aliyetaka kutoka nje ya vifungo vyake alipata nafasi kubwa katika teolojia ile.

Turudi kwenye Maandiko, kwa sababu huko ndiko vita vilikopiganwa. Mwaka 1974 sinodi kuu ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi ilipitisha ripoti ndefu juu ya rangi, taifa na uhusiano wa mataifa kwa mwanga wa Maandiko. Ni ripoti ya wasomi, yenye tahadhari nyingi, na umoja wa wanadamu inautaja. Inapotetea maendeleo ya kila taifa mahali pake, hata hivyo, inaegemea Babeli, na inaegemea maneno ya Paulo kule Athene, Matendo 17:26, kwamba Mungu ameyawekea mataifa nyakati zao na mipaka ya makazi yao. Aya hiyo inaanza kwa kusema kwamba Mungu alifanya kila taifa kutoka katika mmoja. Aya inayofuata inasema sababu yake: ili wamtafute Mungu, ambaye hayuko mbali na kila mmoja wetu. Mipaka iko katikati ya sentensi. Kabla yake kuna asili moja, baada yake kuna shabaha moja. Msomaji aliyekwisha kuamua kwamba Mungu ni Mtenganishaji anaiona mipaka tu.

Hata sura ya kwanza ya Mwanzo, ile ngome ya Totius, haikubali kutumiwa hivyo ukiisoma hadi mwisho. Mimea inaumbwa kwa jinsi yake. Samaki na ndege kwa jinsi zao. Wanyama wa nchi, vivyo hivyo, kila mmoja kwa jinsi yake. Msomaji anauzoea mdundo huo. Kisha inafika zamu ya mwanadamu, na mdundo unakatika. Hakuna watu walioumbwa kwa jinsi zao. Badala yake Mungu anasema, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu." Tofauti pekee inayotajwa ni ya mume na mke, nao wote wawili wamo ndani ya mfano huo. Katika ulimwengu wa Misri na Babeli ya kale aliyeitwa mfano wa mungu alikuwa mfalme. Mwandishi wa Mwanzo aliichukua heshima ya ikulu akampa kila mzaliwa wa mwanamke. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya mambo makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya binadamu, na lilikuwa limelala katika sura ileile iliyonukuliwa Bloemfontein.

Kuna pia Amosi. Wahubiri wengi wa Kiafrikana walikuwa wameisimulia safari ya babu zao kutoka Rasi, na vita vya tarehe 16 Desemba 1838 dhidi ya Wazulu, kama Kutoka kwao wenyewe: wao Israeli, Waingereza Farao, nchi ya ndani Kanani. Amosi 9:7 inamaliza majivuno ya aina hiyo. Mungu anawauliza Waisraeli kama wao kwake si sawa na Wakushi, watu weusi wa kusini mwa Misri. Anakiri kwamba aliwatoa Misri, kisha anaongeza kwamba ndiye pia aliyewatoa Wafilisti katika nchi yao ya kwanza, na Washami katika yao. Wafilisti, adui wa kufa! Kila taifa lina Kutoka kwake, na Mungu ni mmoja. Yeyote anayejenga utaifa juu ya Kutoka bila kuisoma aya hii anajenga juu ya nusu ya kitabu.

Haya hayakuhitaji kusubiri wageni wayaseme. Ben Marais, mwanateolojia wa Kanisa la Reformed la Kiholanzi, alisimama ndani ya sinodi za kanisa lake akipinga kwamba Maandiko yanaagiza ubaguzi. B. B. Keet, profesa wa Stellenbosch, aliandika dhidi ya ubaguzi huo katika miaka ya 1950. Desemba 1960, miezi michache baada ya polisi kuwaua waandamanaji 69 kule Sharpeville, wajumbe wa kanisa hilo walikutana na makanisa mengine huko Cottesloe, Johannesburg, wakakubaliana kwamba hakuna msingi wa Maandiko wa kuzuia ndoa kati ya rangi na kwamba hakuna muumini anayeweza kufungiwa mlango wa kanisa kwa rangi yake. Waziri mkuu Verwoerd alikasirika, na sinodi zikawaruka wajumbe wao wenyewe. Mmoja wa wajumbe hao, Beyers Naudé, hakurudi nyuma. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broederbond, chama cha siri cha Waafrikana, na yeye mwenyewe alikuwa mwanachama. Mwaka 1963 alihubiri kwa ushirika wake kutoka Matendo 5:29, kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, akavua joho la uchungaji na kuishika Taasisi ya Kikristo, shirika lililopinga ubaguzi. Kuanzia 1977 serikali ilimwekea marufuku ya kukutana na watu na kusema hadharani, iliyodumu miaka saba.

Sauti iliyobadilisha mjadala, hata hivyo, ilitoka kwa wale waliotengwa. Askofu Desmond Tutu alisema mbele ya tume ya serikali mwaka 1982 kwamba ubaya mkubwa kuliko wote wa mfumo ule, ukiacha maumivu yake, ni kumfanya mtoto wa Mungu aanze kushuku kama kweli ni mtoto wa Mungu. Sijui mtu mwingine aliyeeleza vizuri zaidi jinsi picha ya Mungu inavyoingia ndani ya nafsi. Sheria inaweza kukuondoa kwenye basi. Mungu Mtenganishaji anakuondoa kwenye mfano wake, na ukiamini, unajiondoa mwenyewe.

Agosti mwaka huohuo, huko Ottawa, muungano wa makanisa ya Reformed duniani ulitangaza kwamba kuupa ubaguzi huo utetezi wa kiteolojia ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Waafrikana weupe, na ukamchagua Allan Boesak, mchungaji wa Kanisa la Misheni, kuwa rais wake. Wiki chache baadaye sinodi ya Kanisa la Misheni, kanisa lilelile lililozaliwa kwa udhaifu wa 1857, ilikutana Belhar, karibu na Cape Town, ikaandika rasimu ya ungamo la imani. Likapitishwa rasmi mwaka 1986.

Ungamo la Belhar ni fupi, na kiini chake ni uchaguzi wa tendo la Mungu. Halianzii kwenye kutenga. Linaanzia kwenye kukusanya na kupatanisha: Mungu katika Kristo ameubomoa ukuta, kwa hiyo mafundisho yoyote yanayodhani kwamba watu hawawezi kupatanishwa yanamkana Kristo. Kisha linasema kwamba Mungu, katika dunia iliyojaa dhuluma na uadui, kwa namna ya pekee ni Mungu wa fukara, maskini na waliodhulumiwa, na kanisa linapaswa kusimama alipo yeye. Huyo ni Mungu wa Kutoka 3, aliyeyaona mateso ya watu wake na kusikia kilio chao kabla hajamtuma Musa kwa Farao.

Msomaji makini atauliza: je, hawa nao hawakufanya yaleyale? Totius alimchagua Mungu aliyemfaa, na Belhar ikamchagua anayeifaa. Itumeleng Mosala, mwanateolojia wa Afrika Kusini, alikwenda mbali zaidi mwaka 1989. Alisema Biblia yenyewe imebeba sauti za watawala pamoja na za wanyonge, na kwamba ni kujidanganya kudhani kila ukurasa uko upande wa mnyonge. Nalikubali hilo. Anayesoma kitabu cha Yoshua kwa macho ya mtu wa Yeriko hawezi kulipinga.

Jibu langu ni kwamba picha hizi mbili hazikuwagharimu waliozichora kiasi kimoja. Mungu wa Bloemfontein hakumdai Totius chochote. Alimwachia shamba lake, shule yake, kanisa lake na kura yake, akambariki. Mungu wa Belhar aliwadai walioandika ungamo lenyewe. Aliwataka wapatane na kanisa lililowafukuza mezani, wakiri umoja na watu waliowaita machotara, na katika barua iliyoambatana na ungamo walisisitiza kwamba hawaliandiki ili kuwashambulia watu fulani. Manabii wa Biblia hupimwa hivyohivyo. Mungu wa Amosi aliiumiza Israeli kwanza. Picha ya Mungu isiyomdai mwenye kuichora kitu, mimi naishuku, hata ikiwa na aya mia moja nyuma yake.

Ndiyo maana nakiheshimu pia kilichotokea Rustenburg, Novemba 1990, Willie Jonker, profesa wa Stellenbosch, aliposimama mbele ya makanisa yote akaungama dhambi ya ubaguzi, yake na ya kanisa lake, na Tutu akaipokea toba hiyo. Kanisa la Misheni liliungana na kanisa la Waafrika mwaka 1994, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa kwanza wa wote. Muungano na Kanisa la Reformed la Kiholanzi umekuwa mgumu zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 pendekezo la kuliingiza Belhar katika misingi ya imani ya kanisa hilo lilikosa kura za kutosha. Sheria za ubaguzi zilifutwa miaka mingi kabla ya hapo. Mungu Mtenganishaji hafutwi na bunge.

Huku kwetu habari hii haikuwa ya mbali. Trevor Huddleston, padri aliyepigana na ubomoaji wa Sophiatown, mtaa wa Waafrika huko Johannesburg, alikuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba, ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, yeye anakataa kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga, mwoga na mnyonge, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya wengi walioumbwa kwa mfano huo. Wengine walilisikia neno hilo kama siasa. Mimi nalisikia kama ufafanuzi wa Mwanzo 1, tena mkali.

Lakini tumefanya nini na Mungu huyu katika siasa zetu? Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililokuwa limejaa watu waliokimbilia usalama lilichomwa moto kwa sababu ya kabila lao. Baadaye mwaka huo Baraza la Makanisa la Kenya liliomba radhi kwa kuwa viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Lilikuwa jambo la ujasiri. Ila radhi ile iliugusa mwenendo, wakati swali la teolojia lilikuwa chini yake: ni Mungu yupi aliyehubiriwa kwa miaka kadhaa hata jirani akaweza kuitwa doa la kusafishwa kwenye ardhi?

Mwaka 2017 Raila Odinga, akigombea urais wa Kenya, aliwaahidi wafuasi wake kuwavusha hadi Kanani, nao wakamwita Yoshua. Najua tumaini lililokuwa ndani ya wimbo huo. Watu waliochoka huwa na haki ya kuitamani nchi ya maziwa na asali, na Kutoka ni kitabu chao. Lakini Kanani ilikuwa na wenyeji, na Yoshua aliingia kwa upanga. Katika nchi ambayo ugomvi wa ardhi unafuata mipaka ya makabila, kila mhubiri anayekabidhiwa kipaza sauti kwenye mkutano wa kampeni ana wajibu wa kuuliza mbele ya umati: katika hadithi hii mnayoiimba, Wakanani ni akina nani, na wanaishi kijiji gani?